Kulenga Shabaha ya Yadi 1000 kwa Bunduki ya Kushindilia: Mwongozo Kamili

Anayelijua gobore la kijijini hawezi kuamini kirahisi kwamba bunduki inayojazwa baruti kwa mdomoni inaweza kupiga shabaha iliyo yadi 1000, yaani mita 914. Na ana haki ya kutoamini. Gobore lina mtutu laini kwa ndani, na hata fundi wake halitumainii mbali. Hali hiyo ina historia: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha zenye mifereji ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa magumegume ya mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Wakati huo huko Uingereza bunduki za kushindilia zilikuwa zimekwisha kupigiwa mashindano ya masafa marefu tangu miaka 30 nyuma.

Mwaka 1857 nchini Uingereza, bunduki ya mhandisi Joseph Whitworth, yenye mtutu wa pembe sita kwa ndani, ilishindanishwa na Enfield ya jeshi. Kwa yadi 500 wastani wa kosa la Whitworth ulikuwa kama sentimita 11. Wa Enfield ulikuwa karibu sentimita 68. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha walenga shabaha pale Wimbledon kwa kuvuta kamba iliyofyatua Whitworth iliyofungwa kwenye egemeo la chuma. Risasi ilitua kama inchi moja na robo kutoka katikati, kwa yadi 400. Kisha Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor jirani na jiji la New York, Waairishi walipambana na Wamarekani kwa yadi 800, 900 na 1000. Waairishi walishika bunduki za kushindilia za John Rigby wa Dublin; Wamarekani walishika bunduki za kujazwa kwa nyuma. Alama za juu kabisa zilizowezekana ni 1080. Wamarekani walipata 934, Waairishi 931, na mmoja wa Waairishi alikuwa amepiga shabaha ya jirani kwa kukosea, akapewa sifuri. Katikati ya shabaha kulikuwa na alama 4. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo suala la chombo lilimalizika zamani. Kilichobaki ni mkono wa mtu. Msimamo wangu, ambao mwongozo huu wote umejengwa juu yake, ni kwamba shabaha ya mbali hupigwa wakati wa kushindilia, kabla hujalala chini wala kulenga. Bunduki ya kisasa hupokea risasi iliyokwisha kutengenezwa na mashine. Hii yako unaitengeneza upya kila mara, ndani ya mtutu, umesimama uwanjani na saa inakwenda.

Sheria na uhai kwanza

Usiguse chochote katika haya nje ya sheria ya nchi uliyopo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na zote mbili zinataka leseni. Uingereza bunduki ya kushindilia yenye mifereji, hata ikiwa nakala mpya, inahitaji cheti cha silaha, na baruti nyeusi inahitaji cheti chake cha vilipuzi kutoka polisi. Ujerumani nayo inataka kibali cha baruti. Marekani sheria ya shirikisho ni nyepesi zaidi kwa bunduki hizi, lakini majimbo yanatofautiana, uliza kwanza. Njia iliyonyooka ni kujiunga na klabu. Uingereza kuna chama cha bunduki za kushindilia, MLAGB, kilichoanzishwa 1952, na mashindano ya masafa marefu hupigwa Bisley. Marekani kuna chama kama hicho, NMLRA, tangu 1933, chenye uwanja Friendship, Indiana. Humo utakuta wazee watakaokuonyesha kwa mkono yale ambayo mimi nayasema kwa maneno.

Gobore la kufuliwa kienyeji halihusiki kabisa na yaliyomo humu. Mtutu wa bomba haujapimwa kwa shinikizo la risasi nzito, na utapasuka usoni pako.

Makatazo manne hayana mjadala. Tumia baruti nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, hata kidogo, inaweza kulipua mtutu. Usimimine baruti moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa, kwa sababu cheche iliyobaki ndani ya mtutu itawasha chombo kizima mkononi; kila kipimo kiwe kwenye kichupa chake. Risasi lazima ikalie baruti, pasiwe na nafasi ya hewa kati yao, kwani nafasi hiyo huweza kuuvimbisha au kuupasua mtutu. Na fataki, yaani kikofia kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, isikaribie bunduki mpaka uwe kwenye mstari wa kupigia, mdomo wa mtutu ukielekea shabaha. Miwani ya kukinga macho na vizuia sauti masikioni ni vya kila mtu aliye karibu, siyo mpigaji peke yake.

Bunduki ya kuanzia

Tafuta bunduki ya fataki ya kipenyo cha inchi .451, mtutu mrefu, mifereji inayokamilisha mzunguko mmoja katika inchi 18 hadi 20. Msokoto huo wa haraka ndio unaoishika risasi ndefu isiyumbe angani. Bunduki za Enfield za .577 zenye msokoto wa pole ni nzuri kwa yadi 300, na mashindano yake ni matamu, lakini kwa 1000 utakuwa unajitesa. Nakala za Whitworth na za Gibbs, bunduki nyingine ya Kiingereza ya zama hizo, hutengenezwa Italia na kiwanda cha Pedersoli, na nyingi ya zile unazoziona viwanjani leo zinatoka huko. Bunduki za asili za karne ya 19 bado zipo na bado zinashinda, ila ni lazima fundi anayezijua aikague kwanza.

Kanuni za zamani ziliweka uzito usiozidi ratili 10, kama kilo 4.5, na triga isiyofyatuka chini ya ratili 3. Ni vipimo vya busara hata kwa mazoezi.

Vilengeo ndivyo usivyopaswa kubania pesa. Nyuma unataka sahani yenye tundu dogo inayopanda kwa skrubu na kusomeka kwa vania, yaani mistari ya kusomea vipimo vidogo sana. Mbele, kijiduara ndani ya bomba fupi, chenye pimamaji. Vilengeo viwili vikiwa vimeachana yadi moja, kosa la milimita moja kwenye kilengeo cha nyuma ni kosa la mita moja kwenye shabaha ya yadi 1000. Na pimamaji si pambo. Kutoka yadi 100 hadi 1000 kilengeo hupandishwa digrii mbili na nusu hivi, kwa hiyo ukiinamisha bunduki digrii moja tu upande wa kulia, risasi itahama zaidi ya nusu mita kulia. Jicho halioni digrii moja. Kiputo kinaiona.

Risasi na nguo yake ya karatasi

Risasi ya mchezo huu ina uzito wa greni 530 hivi, karibu gramu 34, na urefu wake ni karibu mara tatu ya upana wake. Huivishwa karatasi ili madini yasiguse mtutu. Karatasi hushika mifereji, risasi huzunguka nayo, na vyote viwili vikitoka mdomoni karatasi hupasuka na kuiacha risasi iende peke yake.

Madini ya risasi matupu ni laini mno. Kishindo cha baruti huipinda risasi ndefu kabla haijatoka. Changanya sehemu 1 ya madini ya bati kwa sehemu 20 za madini ya risasi, uanze hapo. Yeyushia nje penye hewa, vaa glavu na miwani, na usiruhusu hata tone la maji lifike kwenye sufuria, maana maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha madini ya moto usoni. Jasho la kipajini linatosha kuleta maafa hayo. Pasha moto kalibu ya kumiminia risasi, tupa risasi za mwanzo hadi zitoke laini bila mikunjo, kisha endelea kwa mwendo uleule usiobadilika. Zikipoa, zipime moja moja. Zinazopishana zaidi ya greni moja, rudisha kwenye sufuria. Risasi nyepesi ina tundu la hewa ndani yake mahali usipopaona, na tundu hilo likikaa upande mmoja, risasi huzunguka kwa kuyumba. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Sumu ya risasi haina haraka lakini haisahau.

Sasa karatasi. Unahitaji karatasi nyembamba ngumu ya pamba, kama sehemu mbili za mia za milimita hadi tano. Ikate mshazari, ncha zote mbili zikiwa na pembe ileile, kwa urefu wa kuizunguka risasi mara mbili kamili. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Ncha zinapaswa kukutana bila kupandana na bila kuacha pengo. Zikipandana, upande mmoja unanenepa na risasi inakaa upogo. Tengeneza kielelezo cha bati, kata, jaribu, punguza unywele mmoja, jaribu tena, hadi zikutane. Kisha lowesha karatasi kidogo, iweke juu ya jalada la kitabu au ubao laini, viringisha risasi juu yake kwa vidole viwili ukiikaza sawasawa, na mkia unaobaki chini ukunje au usokote uufiche kwenye kishimo cha kitako cha risasi. Ikikauka itakuwa imebana kama ngozi ya ngoma. Ipake mafuta membamba kwa vidole, basi.

Ukubwa unaoutaka ni ule wa risasi iliyovishwa kuteleza mtutuni kwa uzito wa mdeki (fimbo ya kushindilia) peke yake, bila kulegea kiasi cha kuanguka. Ikihitaji kusukumwa kwa nguvu, karatasi itachanika njiani. Ikilegea, risasi haitakaa katikati. Ndiyo maana kipenyo cha kalibu na unene wa karatasi huchaguliwa pamoja, wala huwezi kununua kimoja bila kukijua cha pili.

Baada ya kupiga, uwanja ukifungwa na ruhusa ikitolewa, nenda mbele mita chache ukaokote karatasi. Unataka kuona vipande vidogo vilivyokatwa kufuata mifereji. Ukikuta karatasi nzima, haikuachia risasi kwa wakati. Ukikuta imeungua, kizibo chako kati ya baruti na risasi hakizuii moto. Mtutu unakuambia ukweli wake kupitia vipande hivyo, na hakuna kifaa cha bei kubwa kitakachokuambia zaidi.

Kipimo cha baruti

Anza na kipimo cha chini ambacho mtengenezaji wa bunduki yako amekitaja. Kwa .451 mara nyingi utajikuta kati ya greni 75 na 90, gramu 4.9 hadi 5.8, na usivuke kikomo chake hata kidogo. Baruti ya Uswisi ya ukubwa wa punje wa 1½Fg inapendwa na wengi kwa sababu kopo la leo na la mwakani havipishani sana. Panda kwa greni mbili mbili, piga mafungu ya risasi tano kwa yadi 200 ukiegemea mfuko wa mchanga, na tazama jinsi matundu yanavyopishana juu na chini. Upana wa kulia na kushoto unaweza kuwa upepo au wewe. Urefu wa juu na chini ni mwendo wa risasi unaobadilika, na kasoro hiyo inayoonekana ndogo kwa yadi 200 itakuwa makumi ya sentimita kwa 1000. Chagua kipimo kinachobana wima, hata kama si chenye nguvu kuliko vyote.

Kipimo kikipatikana, kipime kwa mizani, wala usitegemee kijiko, na kila kimoja kikae kwenye kichupa chenye kifuniko.

Kushindilia

Kabla ya mpigo wa kwanza, mtutu ukiwa mtupu na umefutwa mafuta, piga fataki mbili huku mdomo ukielekea jani la nyasi. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, kuna mafuta au uchafu, na risasi ukiishindilia utaanza siku kwa kuing'oa.

Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama masizi na chumvi, si hewa. Uchafu huo ukiachwa, mpigo wa pili utapita kwenye mtutu tofauti na wa kwanza. Futa kila baada ya mpigo: kitambaa kimoja chenye unyevu, kisha kimoja au viwili vikavu. Ukichagua viwili vikavu, viwe viwili hadi jioni. Unyevu ukibaki chini kabisa utaharibu baruti. Kwa hiyo kitambaa cha mwisho kikae kule chini sekunde chache na kuzungushwa. Kazi hiyo pia huzima cheche yoyote iliyosalia.

Kisha ingiza bomba refu lenye faneli hadi karibu na chini, umimine baruti taratibu kwa mwendo uleule. Bomba lina kazi mbili: punje hazinati kwenye kuta zenye unyevu, na zinapangana vizuri zikianguka kutoka juu. Simama kando, usiinamishe uso juu ya mdomo wa mtutu. Toa bomba. Weka kizibo cha karatasi ngumu, halafu kizibo cha mafuta cha nta ya nyuki na shahamu ya kondoo ukikitumia, kisha kizibo kingine kikavu ili mafuta yasigande kwenye kitako cha risasi. Sasa risasi, kwa vidole, ncha juu, ikishuka kwa mdeki.

Usigongegonge. Mdeki uende kwa mkandamizo mmoja wa polepole hadi alama uliyoichora juu yake ifike sawa na mdomo wa mtutu. Alama hiyo ni mlinzi wako: ikibaki juu, risasi haijafika, ikizama, umesahau baruti. Kila siku mpya ihakikishe upya kabla ya kuanza. Ninapendelea mdeki wenye kizuizi, maana kizuizi hakichoki wala hakina haraka, na mkandamizo wa mpigo wa mwisho unakuwa ule wa mpigo wa kwanza. Baruti iliyobanwa zaidi huungua tofauti na iliyobanwa kidogo, na tofauti hiyo utaisoma kwenye shabaha.

Toa mdeki, uuone kwa macho yako umelala chini mahali pake. Waliosahau hapo wamewahi kuurusha.

Fataki ikilia na bunduki isifyatuke, usihame. Endelea kuelekeza shabaha kwa dakika nzima au zaidi, mwite msimamizi, ndipo uweke fataki nyingine. Moto huweza kuchelewa.

Kulala na kufyatua

Wengi hulala kifudifudi. Wazee wa karne ya 19 walipenda pia kulala chali, miguu ikielekea shabaha, mtutu ukiegemea mapajani au miguuni, kitako chini ya kwapa, na ndiyo sababu bunduki nyingi za zamani zina nafasi ya kufunga kilengeo kwenye kisigino cha kitako. Mtulivu kuliko wote niliowaona hupiga hivyo. Ila mdomo wa mtutu lazima upite mbali na vidole vya miguu, kwa hiyo ujifunze chini ya macho ya anayeijua.

Risasi hii hukaa ndani ya mtutu muda mrefu kuliko ya kisasa. Kwa hiyo baada ya triga endelea kulenga kana kwamba hujafyatua, hadi moshi ukufunike. Kidole kikivutwa kwa pupa, au kichwa kikiinuliwa kuchungulia, ncha itakuwa imehama risasi ingali ndani. Shika kitako kwa nguvu ileile, begani palepale, kiputo katikati.

Anza yadi 100. Andika usomaji wa vania kwenye daftari, pamoja na joto, mwanga na upepo. Nenda 200, 300, 500, 600, ukiandika kila mahali. Anayerukia 1000 siku ya kwanza hatajua hata risasi zimekwenda wapi, na kwenye uwanja wa watu hilo ni hatari.

Upepo

Risasi huondoka kwa mwendo wa kama mita 400 kwa sekunde na huchukua zaidi ya sekunde tatu kufika yadi 1000. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma karibu mita nne. Upepo huo ukipungua kwa robo wakati unavuta triga, umekosa kwa mita nzima, na bunduki haina kosa.

Tazama bendera, lakini bendera zinaeleza yaliyo karibu na mlingoti wake tu. Darubini ndiyo mwalimu: irekebishe hadi shabaha ionekane wazi, kisha rudisha ukali wake karibu kidogo hadi uone mawimbi ya joto yanayochemka juu ya ardhi. Yakikimbia upande mmoja, upepo unaelekea huko. Yakipanda wima, umetulia au unakuja usoni, na hapo ndipo hatari ya kubadilika ghafla ilipo. Wapigaji wengi husubiri. Chagua hali moja inayorudi mara kwa mara, rekebisha kilengeo kwa hiyo, uipigie hiyo tu. Kwa kuwa kushindilia huchukua dakika kadhaa, huwezi kufukuzana na kila pumzi. Wakati unashindilia, mwenzako asome upepo na kukuambia umezungukaje. Ukilala utakuwa umeujua. Kazi ya kusoma upepo na ya kulenga zikigawanywa kati ya watu wawili, alama hupanda zaidi ya unavyodhani.

Na kabla ya kuvuta triga, soma namba ya shabaha yako. Kila mara. Creedmoor ilipotea hapo.

Kuosha, jioni ileile

Mabaki ya baruti huvuta unyevu hewani na kula chuma. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, usiku mmoja unatosha kuleta kutu. Fungua kichuchu cha fataki, mimina maji ya moto yenye sabuni kidogo mtutuni na usukume kwa kitambaa hadi maji yatoke meupe, kisha maji ya moto matupu; chuma kilichopata moto hujikausha chenyewe. Vitambaa vikavu, halafu mafuta membamba. Kesho yake pitisha kitambaa kingine kikavu. Kikitoka na rangi ya hudhurungi, rudia kuosha, na usiweke bunduki kabatini mpaka kitoke safi.